Jinsi ya kufuatilia metali kwa viumbe wa pwani, kuanzia kwenye tope mpaka kwa papa

Kuna sentensi utaikuta karibu kila andiko la utafiti la mwanafunzi anayeanza: "metali nzito huongezeka kadiri tunavyopanda ngazi za mnyororo wa chakula." Imezoeleka mpaka hakuna anayeihoji, na kiukweli ni sahihi kwa zebaki, tena zebaki ya methili, hizo nyingine ni nusu nusu au si kweli kabisa. Kadimi, risasi na shaba mara nyingi zinapungua ukipanda juu, konokono anayelamba mwani kwenye mwamba anaweza akawa na kadimi nyingi kuliko mnofu wa papa. Sasa mtu ameshaamini ile sentensi, anakusanya wanyama wake, anapima, grafu inatoka imelala au inashuka, anaanza kuhangaika ati mashine imekosea wakati mashine iko poa, swali ndo lilikaa vibaya.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifanya hii kazi kuanzia ufukweni hadi kwenye namba, awe mwanafunzi au kikundi kinachotaka kujua bahari yao ikoje. Mashine nitaigusa tu kidogo maana watu wa maabara wanaijua kuliko sisi, nguvu nyingi naweka kwenye kukusanya na kupasua, huko ndo data nyingi zinafia.

Chagua metali kwanza, wanyama baadaye

Watu wanaanzaga na wanyama ("nitachukua kaa, kamba na samaki wawili watatu") halafu wanapima kila metali ambayo mashine inaweza. Geuza. Kila metali ina tabia zake mwilini na hizo tabia ndo zinakwambia umchukue nani na ukate wapi.

Zebaki inafika baharini ikiwa ya kawaida tu, kutoka hewani, mitoni, viwandani, kwenye machimbo ya dhahabu, na hiyo ya kawaida haipandi sana ngazi. Ikishuka kwenye tope lisilo na oksijeni, kuna bakteria, hasa wale wanaotumia salfeti badala ya oksijeni, wanaigeuza kuwa zebaki ya methili (jeni mbili wanazotumia, hgcA na hgcB, zilitambuliwa 2013). Hiyo ndo balaa. Inashikamana na protini, inatoka mwilini polepole mno, kwa binadamu nusu yake inachukua siku kama 50 kutoka. Na kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba mruko mkubwa kuliko yote hauko kwa papa, uko mwanzoni kabisa, kutoka kwenye maji kwenda kwa planktoni za mimea (mimea midogo sana inayoelea majini), hapo inaongezeka mara makumi elfu mpaka hata milioni, halafu kila ngazi inayofuata inaongeza mara chache tu. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa na zebaki chini ya nanogramu 1 kwa lita na bado mnofu wa samaki mkubwa anayekula samaki wenzake ukapita miligramu 1 kwa kilo. Ukipima maji peke yake ukaona ni safi ukaenda kulala, umejidanganya. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilichokuwa kinatengeneza asetaldehidi kilimwaga zebaki kwenye ghuba kuanzia 1932 mpaka 1968, ugonjwa ukaripotiwa rasmi 1956, na watu hawakuumia kwa kunywa maji, waliumia kwa kula samaki na kome, paka wao pia.

Kadimi ni mambo mengine. Inakaa kwenye ini na figo, kwa kaa na konokono inakaa kwenye ile nyama laini ya kahawia ya kumeng'enyea, imefungwa na protini inaitwa metalothioneini. Mnofu unakuwa nayo kidogo sana. Kome, chaza na ngisi ni mabingwa wa kadimi, samaki mla samaki siyo. Risasi yenyewe inaifuata kalsiamu, inaingia mifupani, kwenye magamba na makombe, na anayemla huyo mnyama mara nyingi anaitema mifupa au inapita tumboni haijasagika vizuri, ndo maana inaishia njiani haifiki juu.

Shaba na zinki mwili wenyewe unazihitaji, kwa hiyo unazirekebisha. Pweza na kaa damu yao inabeba oksijeni kwa kutumia shaba, ukikuta shaba juu kwa pweza usikimbilie kuandika "uchafuzi mkubwa", ni pweza tu yuko kawaida yake. Chaza naye anajaza zinki kupita kiasi hata pasipo na shida sana. Kwa viumbe kama hawa unalinganisha chaza na chaza wa sehemu nyingine, humlinganishi chaza na samaki.

Arseniki hii inatisha watu bure. Samaki na kamba wanaweza kuwa na arseniki miligramu kadhaa kwa kilo, lakini sehemu kubwa sana ni arsenobetaini ambayo mwili unaitoa kwenye mkojo bila madhara ya maana. Ya hatari ni ile isiyo ya kikaboni, na hiyo ni asilimia ndogo kwa samaki ila kuna aina za mwani, hijiki ni mojawapo, zinaibeba kwa wingi. Kama maabara yako haiwezi kuzitenganisha, andika wazi kwamba umepima arseniki jumla, na usiseme neno kuhusu usalama wa kula.

Nani anakula nani

Ukishajua metali chora nani anamla nani pale eneo lako, kwa mkono tu, kwenye karatasi. Usichore mstari mmoja. Pwani ina njia angalau mbili, kuna ya maji ya juu (planktoni za mimea, planktoni wanyama, dagaa, mzia) na kuna ya chini (majani yaliyooza na mwani, minyoo na konokono, kaa na kamba, chewa). Metali zinapita tofauti kwenye hizo njia mbili, ukichanganya wanyama wa njia zote kwenye mstari mmoja unapata fujo unayoiita matokeo.

Cha kutenganishia njia ni isotopu za kaboni, yaani atomi za kaboni zenye uzito tofauti, uwiano wake unaandikwa kwa sehemu za elfu (‰) ukilinganisha na kiwango cha kimataifa. Planktoni za mimea baharini zinakaa karibu na hasi 20 ‰, majani ya bahari yale yanayoota chini yako karibu na hasi 10, majani ya mikoko karibu na hasi 28, na mnyama anafanana na alichokula kwa tofauti ndogo ya kama 1 au chini. Za nitrojeni ndo zinakupa ngazi, kila hatua ya kuliwa inaongeza nitrojeni-15 kwa wastani wa 3.4 ‰. Kwa hiyo chukua kipande cha mnofu uleule uliopimia metali, kidogo tu, upeleke isotopu. Najua bajeti inauma, ila bila isotopu unakuwa unakisia ngazi kwa kusoma vitabu, na samaki hawajasoma hivyo vitabu, chewa mdogo anakula kamba na chewa mkubwa anakula samaki, jina ni moja ngazi ni mbili.

Lazima uwe na mnyama wa msingi, yaani mla mimea au mchuja maji asiyehamahama na anayeishi muda mrefu kidogo. Kome au chaza kwa njia ya maji, konokono mlamba mwani kwa njia ya chini. Usitumie planktoni kama msingi wa hesabu, thamani zake zinabadilika wiki hadi wiki.

Kukusanya

Saizi, saizi, saizi. Zebaki inaongezeka na umri, samaki wa sentimita 60 na wa sentimita 25 wa aina moja wanaweza kutofautiana mara kadhaa. Ukichukua wakubwa upande wa kiwandani na wadogo upande safi, umepima umri hujapima kiwanda. Ama uchukue saizi moja pande zote, ama uchukue mtawanyiko mpana wa saizi uleule pande zote ili baadaye uweze kuutoa urefu kwenye hesabu. Pima urefu na uzito papo hapo, andika jinsia na kama ana mayai, maana msimu wa kutaga mwili unajaa mayai au manii na namba zinabadilika bila bahari kubadilika.

Angalia na ulipompata. Kome na kaa wadogo wanakaa palepale, wanaongea habari za mahali pao. Jodari anatembea bahari nzima, hana la kukwambia kuhusu bomba la maji machafu la ghuba yako. Kazi ya kufuatilia uchafuzi wa pwani kwa kutumia kome ina historia ndefu, mkemia wa bahari Edward Goldberg aliipendekeza 1975 na Marekani imekuwa ikiifanya tangu 1986, na sababu ni hiyohiyo, kome hatoroki.

Tope nalo chukua, sentimita 2 za juu tu, kwa kijiko cha plastiki. Chekecha ubaki na chembe za chini ya maikromita 63 kwa sababu metali zinapenda chembe laini, ukilinganisha mchanga wa huku na tope la kule, tope litashinda hata kama halina uchafu wowote. Pima na alumini humo, ugawanye metali kwa alumini, inasaidia kuondoa tofauti ya aina ya udongo.

Vibali vya kuvua na kukusanya fuatilia mapema, na papa, kasa na pomboo usiwaguse kwa ajili ya hii kazi. Kwa ndege wa baharini nyoya linatosha, ndege anatoa zebaki nyingi sana kupitia manyoya anapoyaota mapya. Pomboo aliyekutwa amekufa ufukweni anaweza kutoa ini, lakini jua kwamba ini la pomboo mzee linaweza kuwa na zebaki ya kutisha ambayo nyingi imeshafungwa na seleniamu ikawa punje ngumu zisizo na nguvu tena, kwa hiyo usiliweke kwenye grafu moja na minofu.

Kupasua

Hapa twende taratibu. Kome na chaza kwanza, usiwapasue siku hiyohiyo. Tumbo lao limejaa tope, na hilo tope lina metali ambazo hazijaingia mwilini. Waweke kwenye maji ya bahari yaliyochujwa saa 24 mpaka 48, juu ya wavu wa plastiki ulioinuliwa kidogo ili kinyesi kidondoke chini wasikile tena, badilisha maji katikati. Ukiruka hii, chuma, alumini na risasi zitapanda na utafikiri umegundua kitu.

Samaki, msuuze kwa maji safi yaliyochujwa ioni, mlaze kwenye ubao wa plastiki, siyo juu ya foili ya alumini kama unapima alumini. Kisu cha kauri ndo kizuri. Cha chuma kisichoshika kutu kinaruhusu chromiamu na nikeli kuingia, kama huzipimi hizo si mbaya sana. Toa ngozi na magamba sehemu ya mgongoni, nyuma ya kichwa juu ya mstari wa ubavu, halafu badilisha glavu au uzisuuze, kisu kisuuze pia, ndo ukate kipande cha mnofu kutoka ndani, kile ambacho hakijagusa ngozi wala utumbo. Gramu 10 zinatosha na zinabaki. Ini litoe bila kupasua nyongo. Matamvua yaache kama huna swali maalumu juu yake, yamejaa kamasi na tope.

Kaa, fungua gamba, utaona ile kahawia laini imezunguka tumbo, hiyo iweke chupa yake peke yake, na nyama nyeupe ya magando chupa nyingine. Usizichanganye kabisa. Kadimi kwenye ile kahawia inaweza kuizidi ya magando mara nyingi mno, na hata kiwango cha Ulaya cha kadimi kwa kaa kinahusu nyama nyeupe tu.

Dagaa na samaki wadogo shida yake ni kwamba huwezi kuwapasua wote, watu wanawasaga wazima, sawa, lakini mzima ana tumbo, mifupa na kila kitu. Mkubwa umempima mnofu tu. Hapo risasi itaonekana inashuka kwa kasi ukipanda ngazi na sehemu ya huo mshuko umeutengeneza wewe. Ama wakate vichwa na matumbo, ama wakubwa nao uwapime mwili mzima wachache kama kulinganisha, na uandike.

Glavu ziwe zisizo na unga, ule unga una zinki. Ndoo za bati usizilete karibu, zimepakwa zinki. Chupa na mabegi ya plastiki yalowe kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 usiku kucha, yasuuzwe mara kadhaa kwa maji safi. Lebo andika kwa penseli, nje ya begi la ndani. Sigara hapana, pete na saa vua. Friza hasi 20.

Maabara kwa ufupi

Kausha kwa mashine ya kukaushia kwa baridi ukiweza, ukikosa basi oveni isizidi nyuzi 60, juu ya hapo zebaki inaweza kuanza kupotea. Na pima uzito kabla na baada ya kukausha kila sampuli, usitumie wastani wa mtu mwingine, utaona kwa nini sasa hivi. Saga kwa kinu cha kauri, yeyusha kwa asidi ya nitriki na kidogo peroksidi ya haidrojeni kwenye maikrowevu ya maabara, pima kwa ICP-MS (mashine inayotambua metali kwa uzito wa atomi zake), zebaki waweza kuipima moja kwa moja kwenye unga kwa mashine yake.

Cha kuwauliza watu wa maabara: chupa tupu ngapi kila raundi (zile zenye asidi tu bila sampuli, zisipungue tatu), unga gani wa kulinganishia (wenye kiasi cha metali kilichothibitishwa), na arseniki wanaikwepeshaje chumvi. La mwisho hilo ni muhimu kwa sampuli za baharini, argoni ya mashine ikiungana na klorini ya chumvi inatoa uzito wa 75 ambao ni uzito uleule wa arseniki. Unga wa kulinganishia mzuri ni wa samaki wenyewe, kama ile familia ya DORM na DOLT ya baraza la utafiti la taifa la Kanada, na namba yako ikianguka nje ya asilimia 80 hadi 120 ya ile iliyothibitishwa, usiendelee. Wakikwambia sampuli iko chini ya uwezo wa mashine usiandike sifuri, andika hivyohivyo na kiwango cha mashine.

Hesabu

Kosa linalojirudia kuliko yote ni uzito mkavu na uzito mbichi. Samaki ni maji kama asilimia 75 hadi 80. Tuseme umepata zebaki 1.8 mg/kg mkavu na sampuli ilikuwa na maji asilimia 78, mbichi ni 1.8 mara 0.22, yaani karibu 0.4. Viwango vya chakula vya samaki kwa kawaida viko kwenye uzito mbichi. Kuna watu wametangaza samaki hatari kwa kulinganisha mkavu na kiwango cha mbichi, na wavuvi wakapata hasara ya bure.

Ngazi unapata hivi: 2 (ngazi ya yule mnyama wa msingi) jumlisha tofauti ya nitrojeni-15 kati ya mnyama na yule wa msingi ukigawanya kwa 3.4. Kome akiwa na 7.0 na chewa 12.1, tofauti ni 5.1, gawa kwa 3.4 unapata 1.5, chewa yuko ngazi ya 3.5. Halafu chora logi ya metali (logi ya msingi 10) dhidi ya ngazi, wanyama wa njia moja, kiungo cha aina moja, uzito wa aina moja. Mteremko wa mstari upandishe kuwa kipeo cha 10. Mteremko ukiwa 0.3, kumi kwa kipeo 0.3 ni karibu 2, maana yake kila ngazi metali inaongezeka mara 2. Jibu hilo la kipeo (siyo mteremko) likiwa chini ya 1 inapungua. Ikigusa 1 huku na huku haifanyi lolote, na hilo nalo ni jibu halali, liandike bila aibu. Kwa zebaki pima ile ya methili kama inawezekana, kwa sababu kwa samaki wakubwa karibu yote ni ya methili lakini kwa kome na konokono ni sehemu tu, na ukitumia jumla mstari wako unalala kuliko uhalisia.

Kabla hujaamini mteremko, jaribu kuondoa mnyama mmoja wa juu kabisa urudie. Mstari ukivunjika, haukuwa mstari, ulikuwa samaki mmoja mkubwa.

Kuongea na wanaokula

Watu watakuuliza wale au wasile, na hawataki kusikia habari za mteremko. Chukua kiwango cha kamati ya pamoja ya FAO na WHO, zebaki ya methili maikrogramu 1.6 kwa kilo ya mwili kwa wiki. Mtu wa kilo 60 ni 96 kwa wiki. Samaki wetu wa 0.4 mg/kg ana maikrogramu 0.4 kwa gramu, kwa hiyo ni gramu 240 kwa wiki kufikia hapo. Mjamzito na mtoto ndo unaowapa kipaumbele maana ubongo unaokua ndo unaoumia kwanza. Kwa kome na chaza, Ulaya inaweka kadimi 1.0 na risasi 1.5 mg/kg mbichi, inafaa kama alama ya kulinganishia.

Usiwaambie "msile samaki". Waambie samaki gani, saizi gani, kiungo gani. Dagaa na samaki wadogo wanaokula planktoni kwa kawaida wako chini sana kwa zebaki, na faida yake mwilini ni kubwa. Kama shida yako ni kadimi, ushauri unaweza kuwa mwepesi tu wa kutupa ini na ile kahawia ya kaa.

Unga uliobaki usiutupe, ufunge vizuri, mahali pakavu pa giza, na karatasi yenye tarehe, eneo, urefu, jinsia na asilimia ya maji ikae pamoja nao. Mwaka ujao mtu atataka seleniamu au isotopu za risasi kujua ilitoka wapi, na hatakuwa na haja ya kuvua tena.